Kikulacho Ki Kadini Mwako



Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Walipolonga hivyo bila shaka walikuwa wakimfikiria chawa, mdudu asiyeonekana upesi ilhali mwenyewe anajikuna usiku kucha. Lau wahenga hao wangefufuka leo wakaona tunavyonunua vitu kwa simu, naamini wangetunga methali nyingine. Wangesema kikulacho ki kadini mwako.

Wenzangu wengi katika jarida hili la Chama cha Kiswahili wataandika kuhusu nidhamu, mazingira na madhara ya mihadarati. Mada hizo ni nzuri, tena zafaa. Mimi nimechagua kuandika kuhusu pesa zinazokatwa kwenye kadi ya benki kila mwezi, kimyakimya, baada ya mtu kununua tiketi ya safari mtandaoni. Najua yupo atakayeuliza, "Ah! Wanafunzi na kadi za benki wapi na wapi?" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Mimi pia sina kadi. Lakini kidole kilichobofya kilikuwa changu.

Kisa chenyewe ni hiki. Shangazi yangu ana duka la nguo za watoto mjini Nakuru. Yeye huniita Baba, kwa kuwa nimerithi jina la babake mzazi. Likizo ya Agosti mwaka jana alikuwa akijiandaa kwenda Dubai kununua bidhaa. Mambo ya tarakilishi na mitandao hayampendezi hata kidogo. Akanipa simu na kadi yake, akasema, "Baba, wewe ndiwe msomi. Hebu nikatie tiketi hapo."

Nami bila kusita nikaingia kwenye tovuti moja ya kuuza tiketi za ndege. Jina lake sitalitaja, maana nia yangu si kugombana na mtu. Nikaona bei mbili zimewekwa sambamba. Moja ilikuwa ya kawaida. Ya pili ilikuwa pungufu kwa dola 18, na juu yake pameandikwa kwamba hiyo ni bei ya wanachama, na kwamba uanachama ni wa bure kwa siku 30. Bure! Ni nani asiyependa cha bure? Nikabofya. Nikajaza nambari za kadi, tiketi ikaja. Nikamwambia Shangazi kwa majivuno, "Nimekuokolea zaidi ya shilingi elfu mbili!" Akacheka, akanipa mia mbili za soda. Siku hiyo nilitembea kifua mbele kama jogoo aliye peke yake kijijini.

Nilichokosa kusoma kilikuwa chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, tena za rangi ya kijivu. Kilisema kwamba baada ya siku hizo 30, kadi iyo hiyo ingekatwa dola 12.99 kila mwezi.

Shangazi alisafiri akarudi salama. Mwezi wa Septemba simu yake ikalia: meseji ya benki, umekatwa. Jina lililoandikwa halikuwa la tovuti tuliyonunulia tiketi. Lilikuwa mchanganyiko wa herufi na tarakimu ambao hata mganga asingeufasiri. Shangazi akadhani ni makato ya benki, akanyamaza. Oktoba vivyo hivyo. Novemba, Desemba, Januari. Kila mara ni kama shilingi 1,700 hivi, ukijumlisha na ada ya kubadilisha dola. Hizo si pesa za kumfanya mtu apige nduru, na hapo ndipo ilipo hila yenyewe. Mwizi akibeba gunia zima utamfukuza. Akichota kibaba kimoja kimoja, utamlaumu panya.

Na kweli panya alilaumiwa. Dukani mwa Shangazi kulikuwa na msichana aliyemsaidia kazi kwa miaka mitatu. Wakati mwingine alitumwa kwenye mashine ya benki kutoa pesa, kwa hivyo aliijua nambari ya siri. Mwezi wa Februari, meseji ya sita ilipoingia, Shangazi alimwita akamuuliza. Msichana akaapa. Akalia. Shangazi hakumwamini. Mwisho wa mwezi alimpa mshahara wake, akamwambia asirudi tena.

Niliporudi nyumbani likizo ya Aprili, Shangazi alinipa karatasi za benki, zile wanazoziita stetimenti. "Baba, hebu nisomee," akasema. "Msichana ameenda, lakini pesa bado zinakatwa." Nikasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kiasi kilekile au karibu nacho, tarehe zinazokaribiana, mara saba. Nikaukumbuka ule uanachama wa bure. Kijasho chembamba kikanitoka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mzimamzima.

Jumla ilikuwa karibu shilingi 12,000. Yaani tuliokoa elfu mbili na ushei, tukalipa karibu elfu kumi na mbili! Benki ilitusaidia tukarudishiwa miezi mitatu ya mwisho. Ile minne ya kwanza tuliambiwa muda wa kulalamika ulikuwa umepita. Lakini pesa si hoja kubwa. Shangazi alibeba sukari na unga, akaenda hadi kwao na yule msichana kuomba msamaha. Alipokewa vizuri, chai ikapikwa. Msichana hakurudi dukani. Alisema tu, "Mama, si nilikuambia?" Nami Shangazi hakunikemea hata neno moja, na mpaka leo natamani angenikemea.

Nilipowasimulia wenzangu bwenini, wengi waliitikia kwa sauti moja: "Makosa ni yako! Kwani hukusoma?" Nakubali. Sikusoma, na lawama yangu naibeba. Walakini naomba tusiishie hapo, kwa maana jibu la "ungesoma" linamfaa sana mwenye kutega mtego. Kila anayenaswa huona haya, na mwenye haya hapigi kelele.

Waama, hatukunaswa peke yetu. Nchini Marekani, Kamati ya Biashara ya Seneti chini ya Seneta Jay Rockefeller ilichunguza jambo hili mwaka wa 2009. Kampuni tatu, Affinion, Vertrue na Webloyalty, zilikuwa zimeshirikiana na mamia ya tovuti mashuhuri, zikiwemo za kuuza tiketi za ndege. Mteja alipokuwa akimaliza kununua, alionyeshwa tangazo la kurudishiwa dola kadhaa. Akilikubali, akidhani ni zawadi kutoka kwa tovuti anayoiamini, nambari za kadi yake zilipitishwa kwa kampuni nyingine kabisa bila yeye kuziandika tena. Muda wa bure ukiisha, makato yanaanza. Uchunguzi ulionyesha kwamba biashara hiyo ilikuwa imekusanya zaidi ya dola bilioni 1.4 kutoka kwa wateja. Nawauliza wanaosema ni kosa la kutosoma: je, Wamarekani hao wote hawakijui Kiingereza, lugha waliyonyonya pamoja na maziwa ya mama? Mtego unaonasa watu wengi kiasi hicho umetegwa makusudi usionekane.

Wakubwa wao walilitambua hilo. Tarehe 29 Desemba 2010 Rais Barack Obama alitia sahihi sheria inayokataza kupitisha nambari za kadi kwa njia hiyo. Sheria hiyo inamtaka muuzaji aeleze masharti waziwazi, apate kibali cha mteja mwenyewe, na amwekee njia rahisi ya kusimamisha makato.

Huko Ulaya nako mambo yalifika mahakamani. Kampuni moja iliyouza tiketi za ndege mtandaoni nchini Ujerumani ilikuwa ikimwongezea mteja bima ya safari bila yeye kuiomba. Asiyeitaka alipaswa aikatae mwenyewe. Tarehe 19 Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba bima ya namna hiyo ni lazima mteja aichague kwa hiari yake. Kwa maneno mengine, kimya si ridhaa. Huwezi kuniwekea ndizi kikapuni nikiwa nimegeuka, kisha unidai kwa sababu sikuitoa.

Tena si kuingia tu, hata kutoka ni kazi. Kujiunga kulinichukua sekunde moja. Kujiondoa kulitaka nipite kurasa nne. Kila ukurasa uliniuliza kama nina hakika, na kitufe cha kubaki kilikuwa kikubwa cha kijani, ilhali cha kuondoka kilikuwa maneno membamba pembeni kama mgeni asiyekaribishwa. Baadaye nilisoma kwamba Juni 2023 tume ya serikali ya Marekani inayolinda wanunuzi, iitwayo FTC, iliishtaki kampuni ya Amazon juu ya uanachama wake wa Prime. Katika mashtaka hayo ilielezwa kwamba njia ya kujiondoa ilikuwa imepewa jina la Iliad ndani ya kampuni. Sisi wapenzi wa fasihi tunajua Iliad ni nini: ni utenzi mrefu sana wa Homer kuhusu vita vya Troy. Jamani! Septemba 2025 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi, bila kukiri kosa.

Sasa nifike kwenye hoja yangu hasa. Sisi ni Chama cha Kiswahili, na lugha ndiyo kazi yetu. Nilichukua yale maneno ya herufi ndogo nikayatafsiri kwa lugha nyepesi, nikamsomea Shangazi jikoni: "Tutakupunguzia dola 18 leo. Utakaa siku 30 bila kulipa. Kisha tutakukata dola 12.99 kila mwezi mpaka siku utakapotutafuta utuambie tuache. Unakubali?" Shangazi aliacha kukoroga ugali. "Nani? Mimi? Thubutu!"

Basi hicho ndicho kipimo ninachopendekeza, na hakihitaji wakili. Mapatano ambayo hayawezi kusemwa kwa sauti, kwa lugha ya kueleweka, mbele ya mwenye pesa, hayo si mapatano. Muuzaji wa sokoni anakutazama machoni, anakutajia bei, unavutana naye, unakubali au unaenda zako. Hata kama ni mjanja, umemsikia. Lakini anayeficha bei kwa rangi ya kijivu anajua fika kwamba ukiisikia utakataa. Ndiyo maana haisemi.

Simaanishi kwamba kila malipo ya kila mwezi ni wizi. La hasha! Baba hulipia gazeti na intaneti kila mwezi na anajua analipia nini. Akipenda huacha. Ninachokipinga ni malipo yanayotegemea usahaulifu wa mtu. Biashara inayofaidi kwa sababu mteja amesahau haiuzi huduma, inauza usahaulifu wa mteja.

Wala tusidhani jambo hili ni la wenye kadi na wasafiri wa ng'ambo pekee. Ni wangapi kati yetu tuliowahi kuweka salio la shilingi hamsini kwenye simu ya nyumbani, tukakuta limepungua kwa sababu ya meseji za vichekesho, nyota au matokeo ya kandanda ambazo hatukumbuki kuziomba? Nyanya yangu hajawahi kupanda ndege, lakini ugonjwa huu anaujua. Tofauti ni kiasi tu. Wengine wanakatwa kwa dola, wengine kwa shilingi tano tano.

Je, tufanye nini? Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji, haki ya kulindwa kiuchumi na haki ya kufidiwa anapopata hasara. Tuna pia sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka wa 2012, na Mamlaka ya Ushindani ambayo hupokea malalamiko ya wateja. Kwa hiyo tusijione mayatima. Lakini atakayesema kwamba kampuni zenyewe ziko ng'ambo ana hoja. Askari wetu atamfuata nani huko?

Nami nasema: tusimfukuze mwizi baharini ilhali mlango wa nyumba ni wetu. Pesa za Shangazi haziruki zikaenda ng'ambo zenyewe. Zinapitia benki yake, hapa hapa nchini. Nchini India benki kuu yao ililiona hilo. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2021, benki iliyotoa kadi inapaswa kumjulisha mteja angalau saa 24 kabla ya makato ya aina hii kufanyika, na kumpa nafasi ya kuyazuia. Hebu fikiria kama Shangazi angalipata meseji moja tu ya Kiswahili, siku moja kabla: "Kesho utakatwa dola 12.99 za uanachama wa tovuti fulani. Ukitaka tuzuie, jibu HAPANA." Angalijibu hata kabla ya kuvaa miwani. Na yule msichana angalikuwa dukani hadi leo. Maoni yangu ni kwamba Benki Kuu ya Kenya nayo iziagize benki zetu zifanye hivyo, tena kwa lugha ambayo mwenye kadi amechagua.

Hadi hapo, wenzangu, tujilinde wenyewe, maana tahadhari kabla ya hatari. Wengi wetu ndio makarani wa nyumbani. Wazazi, shangazi na wajomba wanatupa simu zao wakisema, "Wewe ndiwe msomi." Basi usomi huo tuuonyeshe kwa haya:

Kwanza, ukiona neno "bure" karibu na mahali pa kuandika nambari za kadi, simama. Cha bure hakihitaji kadi. Tafuta kilichoandikwa chini, umsomee mwenye kadi kwa sauti kabla ya kubofya.

Pili, tazama visanduku vyote. Kilichokwisha kutiwa alama kabla hujafika, ondoa alama kwanza, ndipo uulize ni cha nini.

Tatu, ukilazimika kujiunga, ghairi uanachama siku iyo hiyo au andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya ukutani, si kichwani.

Nne, kila mwezi soma karatasi za benki pamoja na mwenyewe. Kiasi kidogo kinachojirudia ni cha kutiliwa shaka kuliko kikubwa kilichotokea mara moja.

Tano, ukigundua makato, jiondoe kwenye tovuti kwanza na uhifadhi ushahidi, kisha nenda benki mara moja ukapinge malipo. Muda wa kupinga huwa na kikomo, mara nyingi kama siku 120. Na usidhani kubadilisha kadi kunatosha. Mitandao mikubwa ya kadi ina huduma ya kuwapasha wauzaji nambari mpya, ikiwa benki inashiriki. Chawa huhamia shati jipya.

Sita, na hili naliandika kwa uchungu: kabla ya kumshuku binadamu aliye karibu nawe, soma mistari ile. Mnyonge hulaumiwa upesi kwa sababu anaonekana, na anayekula hulaumiwa kwa kuchelewa kwa sababu haonekani.

Nimesema ya moyoni. Kama kuna niliyemkwaza, aniwie radhi, na mwenye maoni tofauti aje tujadiliane chamani. Shangazi bado ananiita Baba, na bado ananipa simu yake nimkatie tiketi. Ila siku hizi hanipi mpaka nimalize kumsomea kila neno, hata yale ya kijivu. Naye hukaa kando yangu, miwani puani, akiuliza kila baada ya sentensi, "Na hapo wanasema nini?"

Swali hilo naliacha kwenu, wasomaji wapenzi. Kila mnapobofya, ulizeni: na hapo wanasema nini?

Naiweka kalamu chini.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Nne